Vyote Isipokuwa Macho

Rukia mwanangu,

Sikuulizi hali. Uko chumba cha pili, ukuta wetu ni wa mbao nyembamba, na nasikia utepe wa gundi ukivutwa: unafunga sanduku lako kama nilivyokufundisha kufunga mizigo ya watu, mara mbili kwa urefu, mara moja kwa upana. Mama yako anakuuliza kama pasipoti iko mkobani. Unamjibu. Mimi nikikuuliza hunijibu, na hujanijibu tangu siku ile ya mgeni. Ndiyo maana naandika. Nitaipitisha barua hii chini ya mlango wako kabla hujazima taa.

Sina maagizo. Ya kubadilisha treni kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun, ya sweta la ndani ya ndege, ya kumpigia bibi yako simu ukitua Mombasa, ya baridi ya Nairobi ukifika chuoni, yote kayamaliza mama yako na mengine kayarudia. Umetimiza umri ambao viza ya kumfuata mzazi haikubebi tena, kwa hiyo kesho utaondoka tupende tusipende. Mimi nina jambo moja. Ulisema kwamba ukifika Mombasa utamtafuta Bakari kabla hujafika kwa bibi yako. Nenda. Lakini ulichosikia mezani ni hadithi ya kuchekesha, na alichokuambia mama yako baadaye ni hadithi ya kunihurumia. Sitaki usimame mbele ya mtu yule na uongo wangu mdomoni. Nitakueleza ilivyokuwa, halafu utaamua mimi ni nani kwako.

Nianze na siku ya mgeni, kwa sababu ulikuwepo na unaweza kunisahihisha.

Omari alikuwa mteja mpya, mfanyabiashara wa mapazia kutoka Mombasa. Tulimwalika kwenye chakula cha kukuaga kwa kuwa alikuwa amefikia hoteli ya hapa mtaani kwetu Sanyuanli, Guangzhou, na kula tambi kila siku, hadi akaanza kuota samaki wa kupaka. Akavua kiatu kimoja mlangoni, akainua uso, akaniona, akabaki na kile kiatu mkononi.

“Mwalimu Radi?”

Mama yako aliwahi kabla sijafungua mdomo. “Umemfananisha. Huyu ni Baba Rukia, mtu wa mizigo.”

“Mama, mkono ule naujua kuliko mkono wa babangu. Shikamoo, Mwalimu!”

Wewe ulicheka. “Baba, mwalimu? Baba ambaye hajui kati ya robo na theluthi ipi kubwa?”

“Nani hajui? Huyu?” Omari aliketi, amefurahi kama aliyekuta ndugu ugenini. “Huyu ndiye hesabu yenyewe! Alikuwa akiandika ubaoni ametupa mgongo, na ukinong'ona tu anataja jina lako.”

“Omari, ongeza pilau,” mama yako akasema.

“Nimeshiba, Mama, wallahi.”

“Hujashiba. Mtu aliyeshiba haongei hivi.”

Nilijaribu kuleta habari za makontena. Mama yako alimjazia sahani upya na kumsogezea kachumbari hadi kidevuni. Nikamkanyaga mguu Omari chini ya meza, kumbe ni mguu wako, ukasema, “Baba, mbona wanikanyaga?” Ingekuwa nyumba ya mtu mwingine ningecheka.

Wewe hukukulia kwetu, kwa hiyo nikueleze jambo. Watu wa rika la Omari wakikutana, hutajiana viboko vyao kama askari wastaafu wanavyotajiana vita. Aliyepigwa sana ndiye mwenye cheo. Hucheka mpaka machozi, na ukiwatazama vizuri utaona mikono yao imekwenda yenyewe kufunika makalio. Omari alisimama katikati ya sebule yetu, akainama, akashika vidole vya miguu. “Hivi! Halafu unaisikia fimbo inakuja, fyuuu, kabla haijafika. Ile sauti ilikuwa mbaya kuliko yenyewe!” Ukacheka naye. Nikakutazama unavyocheka, nikajua kicheko hicho hakitarudi.

“Ila Bakari, maskini,” akasema huku akiketi, bado anacheka. “Fimbo ilimponyoka Mwalimu, ikamtoa jicho. Bahati mbaya tu.”

Kijiko cha mama yako kikabaki hewani.

“Jicho?” ukauliza.

Omari alitutazama mmoja mmoja. “Kwani hamku… Ah. Mimi na mdomo wangu.”

“Yuko hai?”

“Yuko, yuko! Fundi saa, mjini. Hodari kweli. Mwenyewe hutania: mafundi wengine lazima wafumbe jicho moja ndipo waone kazi, yeye Mwalimu alishamrahisishia.”

Hakuna aliyecheka. Uliniangalia bila hasira, vile unavyoliangalia jibu lisilolingana na hesabu yako, ukaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua kutafuta palipokosewa. Nilijua utapafikia. Ukasema utamtafuta Bakari kwanza, kabla ya bibi, kabla ya yeyote. Ukaingia chumbani.

Fimbo haikuniponyoka, Rukia. Lakini nitafika hapo.

Kwanza kwa nini nilijifanya mjinga. Ulikuwa mdogo, kimo chako hakijazidi katoni mbili zilizopandana. Ulisimama ofisini mbele ya rundo la mzigo wa mteja, ukataja idadi ya katoni kabla mpakizi hajamaliza safu ya kwanza. Wapakizi walipiga makofi, mmoja akakubeba mabegani. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta. Mtoto wa namna hiyo nilikuwa nimemwona mmoja tu maishani mwangu, na nilijua nilichomfanya.

Nikamwambia mama yako asikuambie kamwe kwamba nilikuwa mwalimu. Sitakufundisha hesabu. Akanijibu, “Utamfichaje hesabu mtoto wa hesabu? Ficha ngamia kwanza, tuone.” Lakini akanisaidia, kama alivyonisaidia siku zote. Ulipouliza kipaji kimetoka wapi, akasema kwa bibi yake muuza mabuyu, aliyekuwa hakosei chenji hata akisinzia. Nami nikawa baba asiyejua sehemu.

Ukanihurumia. Ukachukua chapati ya mama yako, ukaikata vipande, ukanikalisha kwenye stuli ya plastiki, ukaanza somo. Kila nilipokosea makusudi ulishusha pumzi, ukavikusanya vipande, ukasema, “Usijali, Baba. Nitarudia.” Mama yako alikuwa nyuma ya pazia la jiko ameuma kanga ili asisikike akicheka. Hakuona kwamba mimi nilikuwa karibu kulia. Katika watoto wote waliopita mbele ya ubao wangu, sikuwahi kumwambia hata mmoja maneno hayo.

Mkono huu sikuzaliwa nao, nilifunzwa. Sisemi hivyo kujitetea, nakueleza tu chombo kilivyotengenezwa. Babangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule niliyosoma. Alinipiga darasani kama mwalimu, na jioni akanimalizia nyumbani kama baba. Alinipasua mdomo kwa pete yake siku niliyosahau jedwali la saba. Alinifunga kwenye mguu wa kitanda akanipiga kwa mkanda, upande wa bizimu, hadi mamangu akajilaza juu yangu, akampiga naye. Damu ilipotoka alinipa leso yake iliyopigwa pasi, akaniambia nisiirudishe na doa. Nilifaulu mtihani, nikawa wa kwanza. Hapo ndipo hesabu yangu ilipopinda: nilidhani lile ndilo lililozaa hili.

Na kulikuwa na desturi. Kwetu, mzazi akimpeleka mtoto kwa mwalimu, tangu chuo cha Kurani hadi shuleni, alikuwa na maneno ya makabidhiano. Anamshika mtoto bega, anamsogeza mbele, anasema: “Mwalimu, huyu ni wako. Mimi nataka macho tu.” Maana yake, mpige utakavyo na popote, vyote ni vyako isipokuwa macho. Watu waliyasema kwa tabasamu. Babake Bakari, seremala, aliyasema ameshika kofia mkononi, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi zake. Nikamjibu, “Inshallah,” huku nimeshaanza kumtazama mzazi anayefuata.

Fimbo yangu ilikuwa henzirani, ufito mwembamba unaopindika. Huibani kwa nguvu. Mkono unaanza, kifundo kinamalizia. Ukiilowesha maji ya chumvi haivunjiki. Ukipiga mahali mara moja, mtoto huruka, ukiparudia, hulia, ukiparudia tena, hunyamaza, na mwalimu mjinga hudhani kule kunyamaza ni adabu. Nilikuwa hodari, Rukia. Nilichana mapaja ya watoto. Nilimvunja kidole msichana aliyeweka mkono nyuma kujikinga, nikamwambia kosa ni lake, nani kamwambia aweke mkono. Walikuwapo waliojikojolea wakisikia viatu vyangu tu ukumbini. Wazazi walinisifu kwamba darasa langu ni kimya. Watoto waliniita Mwalimu Radi, na mimi nililipenda jina lile. Katika yote, hilo ndilo linalonichoma. Nililipenda.

Sasa Bakari. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo kuliko wenzake, shati la kurithi kwa kaka yake lililomfika magotini. Siku hiyo niliandika ubaoni hesabu ya tangi la maji: bomba moja linajaza, jingine linamwaga, tangi litajaa baada ya muda gani. Nikaimaliza, nikapiga mstari chini ya jibu. Akanyoosha mkono.

“Mwalimu, tangi hilo halitajaa.”

Nikamwambia akae. Hakukaa. Si kwa kiburi. Alikuwa kama wewe, jibu likishamwingia mwilini hawezi kukaa nalo.

“Umegeuza mabomba, Mwalimu. Kwa hivyo ulivyoandika, maji yanapungua.”

Darasa likacheka. Halikucheka sana. Nikageuka nikautazama ubao, nikaona ni kweli. Kama nisingaliona kwamba ni kweli, huenda ningalimpiga kidogo.

Nilimwita mbele. Nilimpiga mgongoni, nikamwuliza, “Linajaa?” Akasema, “Halijai.” Nikampiga nyuma ya magoti. “Linajaa?” “Halijai, Mwalimu.” Shati likapasuka. Damu ikashuka mgongoni mistari mistari, ikakusanyika kwenye mkanda wa kaptura. Watoto wa dawati la mbele walikuwa wameficha vichwa mikononi. Mkono wangu ulianza kuchoka, na kuchoka kukanikasirisha zaidi. Nilipoinua tena akageuka, akaidaka henzirani kwa mikono miwili. Akanitazama, na ndipo akalia kwa mara ya kwanza. Akasema, “Lakini Mwalimu, wewe mwenyewe unaona.”

Niliichomoa, ikamchana viganja. Alikuwa amesimama uso kwa uso nami. Nilimtazama usoni, nikampiga usoni.

Hapo ndipo Omari asipopajua na mama yako asipopasema. Nililenga. Naapa sikulenga jicho, lakini nililenga uso uliokuwa ukisema kweli, na macho yako usoni, hilo halihitaji mwalimu wa hesabu. Mpigaji wa mkono wa kulia humpata anayemkabili upande wake wa kushoto. Lilikuwa jicho la kushoto. Halikutoa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu amekanyaga tunda bivu. Bakari alibaki amesimama kidogo, akaweka kiganja pale, na kilichopita katikati ya vidole vyake hakikuwa damu peke yake. Ndipo akaanza kupiga ukelele, darasa zima likapiga ukelele, na mimi nikasikia sauti yangu ikisema, “Kimya.”

Jua halijatua, wajomba zake walikuwa mlangoni mwetu na mapanga na marungu. Walivunja madirisha. Mama yako, bibi harusi wa juzi, hina haijamtoka miguuni, alisimama mlangoni akainua mkono kuwazuia. Kovu lile la mkononi mwake ni la hapo. Mafuta ya bhajia hayajawahi kumgusa, Rukia. Siku zote alizokufukuza jikoni akikwambia, “Rudi nyuma, ona mafuta yalivyonifanya,” alikuwa anakuonyesha panga lililokusudiwa mimi. Lilikata hadi ukano, na ndiyo sababu hawezi kukaza ngumi wala kunyanyua kizito kwa mkono ule.

Mimi nilikuwa wapi? Chini ya kitanda. Mwalimu Radi.

Walinivuta kwa miguu mpaka uani. Walinivunja mbavu, walining'oa meno, mmoja alikanyaga mkono wangu wa kulia kwa kisigino akawa anausaga kama anayezima moto. Mwingine aliinua rungu juu ya kichwa changu, na aliyemshika mkono ni babake Bakari. Alikuwa ametoka hospitali moja kwa moja, shati lake lina damu ya mwanawe. Alichuchumaa karibu na uso wangu, akaniuliza kwa sauti ya chini:

“Mwalimu, mimi nilikuomba nini?”

Nilijua jibu. Sikulitoa. Alingoja, akainuka, akaondoka na shemeji zake.

Mambo yaliishia kwa wazee wa mtaa. Wao ndio waliosema fimbo iliponyoka, ili watu waendelee kuishi mtaa mmoja, na mimi nikakubali kwa kuinamisha kichwa. Bakari alikuwa kwenye kona na bandeji yake, akasikia watu wazima wakikubaliana juu ya kitu alichokiona kwa macho yake mawili. Nikaacha ualimu. Binamu yangu aliyekuwa akinunua bidhaa huku Guangzhou akanitafutia kazi ya kupakia mizigo, nikaja, mama yako akafuata, ukazaliwa mbali na kila mtu anayejua. Nilidhani umbali ni toba.

Unamkumbuka panya wa Zhongda. Ulikuwa na miaka tisa. Tulikuwa kwenye soko la vitambaa na mama mmoja wa Lubumbashi, mteja wangu wa siku nyingi, na laoban mwenye duka, bosi yule mnene na kikombe chake cha chai. Nilikuwa nimeshika rula ya chuma ya kupimia mita, nikipiga hesabu ya majora yatakayoingia kwenye nafasi yetu ya kontena. Safari hiyo sikuwa najifanya. Nilikosea kweli.

“Baba, hayataingia,” ukasema. Ukamgeukia laoban ukamwambia kwa Kichina, ukamalizia kwa Kifaransa ulichookota kwa akina mama wa Kongo, ili asipitwe mtu.

“Eh, Papa!” mama yule akapiga makofi. “Mutoto anakupita! Mupe ye ofisi, weye ubebe mizigo!” Laoban akacheka hadi chai ikamwagika.

Na rula ikawa juu. Sikumbuki kuiinua. Ilikuwa juu tu, kifundo kimeshapinda, na chini yake uso wako umeinuliwa kwangu, unangoja nikusifu. Niliishusha juu ya jora lililokuwa ubavuni mwako. Nikapiga tena, na tena, kitambaa kikachanika, rula ikapinda. Nikasema, “Panya. Nimeona panya.” Laoban akaruka juu ya kiti, halafu akazunguka duka lake hadi jioni akiapa meiyou, meiyou, kwake hakuna panya, hajawahi kuwapo. Mimi nilikuwa chooni natapika.

Nyumbani tukapaita Soko la Panya, na wewe ulikuwa mtani mkubwa kuliko sisi. Lakini mtoto anayehesabu katoni kwa kupepesa macho hakuamini panya yule. Ulinifunika kwa panya yule kama mtu anavyomfunika mwenzake shuka. Nisamehe kwa kukufanya mshirika wa uongo na bado una meno ya utoto.

Na ile siku vijana wawili waliponivamia ofisini kwa sababu kontena lao lilikwama bandarini. Walinigonga uso kwenye meza hadi pua ikavunjika, wakanipiga mateke nikiwa chini. Uliingia ukitoka shule, ukaona damu juu ya katoni za watu. Uliniuliza kwa nini sikujitetea, na mikono yangu ni mikubwa kuliko yao. Nikakwambia wazee hawapigani. Jengo zima huniita mzee mvumilivu, nawe ulijivunia. Uvumilivu wangu, mwanangu, ni wa mtu aliyekalia mfuniko wa kisima. Haogopi watu. Anaogopa kuinuka.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna moja linalokuhusu wewe.

Juzijuzi ulikuwa ukimfundisha binti wa jirani yetu Mkongo, yule mwenye misuko. Si mwepesi wa hesabu. Nilikuwa jikoni. Nikasikia mlio mezani: ulipiga rula ya plastiki kando ya vidole vyake, ikakatika. Ukamwuliza, “Mara ngapi nikwambie?” Sauti ilikuwa yangu, Rukia, hata kituo cha pumzi kilikuwa changu. Mtoto hakulia. Alirudisha mikono yake polepole chini ya meza, na mimi nayajua mateso ya mtoto anayeondoa mikono hivyo. Nilitakiwa nitoke. Nilibaki nyuma ya pazia, palepale mama yako alipokuwa akicheka zamani, nikaogopa kwamba nikikuambia acha, utaniuliza nimejuaje.

Kipaji hukukipata kwa muuza mabuyu. Umekipata kwangu, na hakikuja peke yake. Siamini laana. Naamini mzigo. Mpakizi akiujua uzito wa katoni, anajua namna ya kuinama. Asipoujua, humvunja mgongo au humwangukia mwenzake. Nimekuficha uzito huu miaka yote nikidhani nakuepusha nao.

Utakapomwona mkubwa wako amegeuza mabomba, mwambie. Usinyamaze kwa ajili ya hadithi hii. Bakari alikuwa sahihi kabla ya jicho, na alikuwa sahihi baada ya jicho. Na siku mtoto fulani atakaposimama mbele yako akuambie wewe ndiye uliyegeuza, utasikia joto likipanda kutoka kiwikoni. Weka chini ulichoshika. Katika maisha yangu yote nimejifunza hilo tu, na nimejifunza kwa jicho la mtu. Weka chini kwanza, jibu baadaye. Ukishindwa, mkumbuke yule mtoto wa chapati. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kama yeye.

Kwa Bakari sikutumi. Usimpelekee salamu zangu, usiniombee radhi, usimwambie ninajuta. Majuto yangu si furushi la kumtua mtu kibarazani kwake. Mwambie wewe ni binti wa nani mapema, kabla hajakukaribisha kiti, ili akitaka kukufukuza asione haya. Akikuuliza kama bado nasema fimbo iliponyoka, mwambie hapana, anasema alilenga uso. Na akikupa nafasi, mwambie kwamba tangi halijai. Mwambie nilikuwa nimeliona siku ileile, nimesimama ubaoni, kama alivyosema mwenyewe. Miaka yote hii kuna mtu mmoja tu duniani anayestahili kusikia sentensi hiyo, na sikuwa na ujasiri wa kuitamka.

Ukiketi naye, keti upande wake wa kulia. Ndiko anakoona.

Naona umenyamaza huko ndani, utepe haulii tena. Umemwambia mama yako kwamba kesho mtakwenda Baiyun ninyi wawili tu. Ni haki yako. Lakini sanduku lako ni zito, ngazi za kituo ni ndefu, na sasa unajua kwa nini mkono wa mama yako haubebi. Sitakuuliza. Asubuhi nitakuwa mlangoni, nimekaa kwenye ile stuli uliyonifundishia sehemu, viatu miguuni. Ukilibeba sanduku mwenyewe, nitakufungulia mlango, nitasimama kando, na nitabaki babako nikiwa kando. Ukiliacha karibu na miguu yangu, usiseme neno.

Nitainama.

Babako